Vilivyobebwa Vilifika

Ndege ya kwanza kunguruma juu ya Kigoma ilifika ziwani ikiwa imefungwa kwenye makasha. Mwaka ulikuwa 1916. Wabelgiji walikuwa ng'ambo, upande wa Kongo, Wajerumani walikuwa upande wetu, na Waingereza wakawaazima Wabelgiji ndege nne aina ya Short 827, za mbao na kitambaa, zenye maboya mahali pa magurudumu ili zitue majini. Kuzirusha kutoka Ulaya hadi Tanganyika lilikuwa jambo ambalo hata mwendawazimu asingelipendekeza. Zilifunguliwa vipande vipande, zikapakiwa melini hadi Matadi, zikapanda treni, zikapanda mashua za mto Kongo, zikarudi kwenye treni, na kila mahali reli ilipokoma watu walizipakua na kuzipakia upya. Ziliunganishwa Mtoa, kaskazini kidogo ya mji tunaouita leo Kalemie. Juni mwaka huo rubani Aimé Behaeghe akavuka ziwa na kudondosha mabomu Kigoma, akiiwinda meli ya Goetzen.

Sisi tuliokulia Ilagala tulisimuliwa habari hiyo kwa kuanzia na meli. Wazee walinyoosha mkono kuelekea mdomo wa Malagarasi, pale maji ya mto yanapoingia ziwani na tope lake, wakasema: hapo ndipo Mjerumani alipoizamisha. Vitabu vingi vinakubaliana nao. Vingine vinataja ghuba ya Katabe, jirani na Kigoma, na ukimwambia hivyo mzee wa Ilagala atakuuliza huyo mwandishi alizaliwa wapi. Tarehe haina ubishi: 26 Julai 1916. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito kana kwamba wanaiweka akiba, na siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma.

Ndege katika masimulizi hayo zilikuwa wageni wa kupita. Zilitajwa kwa sauti iliyotoka mdomoni, ile ya kunguruma, kisha mzee akarudi kwenye meli. Sasa ninaona kwamba wazee walikuwa na kipimo chao. Meli ilikuwa imefika kwa njia wanayoijua. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye makasha 5,000 hivi, ikashushwa Dar es Salaam na kupandishwa reli, na reli yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imefika Kigoma, mwaka 1914. Ikaungwa hapa ribiti kwa ribiti, ikatiwa majini Februari 1915. Maadui zake nao walifika vivyo hivyo. Boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilikokotwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe porini Kongo mwaka 1915, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimekwisha kuiteka boti ya Wajerumani, Kingani. Kila chombo kilicholipigania ziwa hili wakati ule kilikuja polepole, kwa jasho la watu ambao hakuna aliyeandika majina yao, na kilifika.

Behaeghe mwenyewe hakuanguka. Aliugua, akafa huko huko Kongo kabla mwaka 1916 haujaisha.

Kuanguka kulianza watu walipochoka na makasha. Vita vilipokwisha, Ulaya ilikuwa na ndege nyingi na marubani wengi wasio na kazi, na wazo likazaliwa kwamba chombo kinachoruka hakina sababu ya kubebwa: kijipeleke chenyewe. Safari ya namna hiyo, ya kuitoa ndege kiwandani au ghalani na kuifikisha inakotakiwa, haina abiria wanaolipa wala shehena ya kujivunia. Mzigo ni ndege yenyewe. Kwa hiyo ilidharauliwa, ikaonekana ni kazi ya tarishi. Ndiyo iliyomwua John Alcock. Juni 1919 alikuwa amevuka bahari ya Atlantiki bila kutua, yeye na Arthur Brown, ndani ya ndege ya vita ya Vickers Vimy, na dunia nzima ikamshangilia. Tarehe 18 Desemba mwaka huo huo alikuwa anapeleka ndege mpya kwenye maonyesho ya Paris, mwendo mfupi kabisa ukilinganisha na bahari ile. Ukungu ulimkuta karibu na Rouen. Akaanguka, akafa.

Ulipita mwezi mmoja na siku chache tu, ndugu ya ndege yake ya Atlantiki ikapaa kuelekea kwetu. Ilikuwa Vimy ya kubebea abiria, na gazeti la The Times ndilo lililogharamia. Iliondoka Brooklands, Uingereza, tarehe 24 Januari 1920, ikiwa na marubani wawili, Cockerell na Broome, mafundi wawili, na bwana mmoja wa bustani ya wanyama ya London, Dakta Peter Chalmers Mitchell, aliyetaka kuiona Afrika kutoka juu. Lengo lilikuwa Rasi, Afrika ya Kusini. Viwanja vilikuwa vimeandaliwa njia nzima kutoka Misri. Neno "kuandaa" limefunika mengi hapo. Kwetu lilimaanisha kufyeka miombo na kusawazisha vichuguu, na aliyewahi kukipiga kichuguu cha zamani kwa jembe anajua kwamba jembe ndilo huanza kulegea. Mamia ya watu walifanya kazi hiyo kwa miezi ili mtu mmoja apite juu yao kwa dakika chache.

Tabu za ndege hizo hazikuwa siri. Injini zilipozwa kwa maji, na rejeta zilivuja, mabomba yakilegea kwa mtikisiko na joto. Rubani wa wakati ule alikuwa akitupa macho huku na huku, akitafuta si adui bali mahali penye uwazi pa kutua kabla injini haijakwama. Kisha kuna suala la mwinuko, ambalo marubani wa Ulaya walilijua kwenye karatasi tu. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi: mabawa hayapati cha kushikilia, injini nayo inakosa pumzi. Ndege ambayo ingepaa kwa raha kwenye baridi ya Brooklands, ikiwa imejazwa mafuta ya kuivusha hadi uwanja unaofuata, pale hukimbia uwanja wote ikisitasita.

Tarehe 27 Februari 1920 ile Vimy ilijaribu kuondoka Tabora, injini ikaishinda, ikaanguka. Wote watano walitoka hai. Chalmers Mitchell aliishi miaka mingine 25, akafa mwaka 1945 kwa kugongwa na teksi mbele ya bustani yake mwenyewe ya wanyama, jijini London.

Ninachokiwaza kila nikiisoma habari hii ni mahali ilipotokea. Tabora iko juu ya reli ya kati. Makasha ya Goetzen yalipita mle mle, miaka sita tu kabla ya hapo, na huenda baadhi ya watu waliokuja kulitazama gofu la ndege ndio waliokuwa wameyaona mabehewa yale yakielekea Kigoma. Meli nzima ya mita 70 ilikuwa imepita pale bila kelele. Ndege iliyokuja kuonyesha njia ya kesho ikabaki.

Wenzake waliokuwa njiani mwezi huo hawakuwa na bahati zaidi. Ndege kubwa ya Handley Page iliishia Sudan. Pierre van Ryneveld na Quintin Brand wa Afrika ya Kusini waliiangusha Vimy yao, Silver Queen, usiku karibu na Korosko, Misri, kwa sababu ya rejeta iliyovuja. Wakaokoa injini, wakapewa Vimy ya pili, wakapita Kisumu na nchi za maziwa hadi Bulawayo, na huko uwanja wa juu wenye joto ukawafanyia kama ule wa Tabora. Wakaazimwa ndege ya tatu, ndogo, na ndiyo iliyowafikisha Cape Town tarehe 20 Machi. Kila mmoja akapewa zawadi ya pauni 5,000, na mfalme akawatunuku vyeo. Mimi huwahesabu kuwa watu walioangusha ndege mbili na kufika kwa ya tatu. Magazeti ya wakati ule yalihesabu ile ya tatu tu.

Ziwa letu nalo lilikuwa na zamu yake. Edmond Thieffry, Mbelgiji aliyekuwa rubani hodari wa vita, aliruka kutoka Brussels hadi Leopoldville mwaka 1925 kwa siku 51, muda ambao meli ya abiria ingefika mapema zaidi na bado ikabaki na nafasi ya kurudi. Aprili 1929 alikuwa Kongo akipima kama inafaa kuanzisha usafiri wa ndege ndani ya koloni. Tarehe 11 ndege yake ikaanguka karibu na Ziwa Tanganyika, akafa. Wakati huo Goetzen ilikuwa imekwisha kuibuliwa. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, wakakuta grisi imefanya kazi yake, na kuanzia 1927 ilikuwa ikisafirisha watu kwa jina la Liemba, kwa injini zile zile za mvuke.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Nilipokuwa mtoto, Liemba ilikuwa jambo la uhakika na ndege ilikuwa uvumi. Fokker ilipita juu ikielekea Kigoma, tukaikimbilia ufukweni tukipiga mayowe, na hakuna mtu kijijini aliyetarajia kuipanda. Meli ilitusubiri au sisi tuliisubiri, lakini ilikuja. Mtu wa Kalya, wa Kirando, wa Kasanga, alipanga mazishi na harusi kwa ratiba yake.

Leo mambo yamegeuka. Ndege inajipeleka yenyewe na hufika bila kuvuja kitu. Septemba 2016 Bombardier mbili za kwanza za serikali ziliruka kutoka Canada hadi Dar es Salaam, zikamwagiwa maji na magari ya zimamoto, na Julai 2018 ikaja Dreamliner, rais mwenyewe akiwa uwanjani kuipokea. Hatari ya safari za namna hiyo siku hizi haimo kwenye rejeta. Imo mahakamani. Mwaka 2017 Bombardier yetu ilizuiwa huko huko Canada kwa sababu ya deni, ikafika mwaka uliofuata. Na 2019 nyingine ikazuiwa tena kwa madai ya mtu mwingine, kabla ya kuachiwa na kutua Mwanza mwezi Desemba. Cockerell na Broome walipambana na hewa nyepesi ya Tabora. Marubani wa leo hukaa hotelini wakisubiri hati ya hakimu. Hakuna anayekufa kwa hilo, na sina hamu ya kurudi enzi za kufa.

Ila wakati ndege zikizoea kufika, Liemba ilisimama. Mwaka 2018 iliacha kusafiri, ikabaki bandarini Kigoma miaka na miaka ikingojea matengenezo makubwa, na vijiji vya kusini vikarudi kwenye boti za mbao zinazojaa hadi maji yanakaribia ukingo. Nikiwa Ilagala mara ya mwisho, nikisubiri kivuko cha kwenda Kajeje, Bombardier ilipita juu. Hakuna mtoto aliyekimbia. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, mwenye magunia manne yaliyoshonwa vizuri, aliinua macho kisha akaniuliza:

"Mwanangu, wewe umeshaipanda hiyo?"

"Nimeipanda, mama."

"Wanakuruhusu na mzigo kiasi gani?"

Nikamwambia kilo 23. Akayatazama magunia yake, akaguna, akamwita kijana wa boti waanze kupatana bei.