Mkwaju Uliolala Kinyume

Boti iling'oa nanga Dar saa moja asubuhi, na kabla ya saa mbili nilishaomba mfuko wa kutapikia. Sikuwa nimewahi kuvuka kwenda Unguja, wala kumpelekea mteja programu yangu mwenyewe. Mteja alikuwa bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe.

Niliposhuka Malindi nilimpigia simu. "Ukifika msikitini, mwanangu, pinda kushoto, mlango wa pili." Kushoto kwa anayetokea wapi? Sikuuliza. Nilibisha hodi kwa watu wasionijua mara mbili, mpaka mtoto mmoja akanishika mkono.

Programu niliiandika kwa Python kwenye laptopu ya Windows. Kompyuta ya bibi ilikuwa ya Linux. Nikaiwasha. Orodha ya wageni ikaja tupu, bila hata onyo. Nilipochungulia folda ndipo nikaliona faili jipya, jina lake zima data\wateja.csv, limekaa nje ya folda ya data kama mgeni aliyekosa mwenyeji. Kwa Linux, mkwaju uliolala kinyume (\) ni herufi tu ya jina, si mpaka wa folda kama kwa Windows. Na kwa vile niliielekeza programu iunde faili na folda yake isipovikuta, ilitii.

Kosa hili lina ukoo. DOS ya 1981 haikuwa na folda, na mkwaju wa kawaida (/) ulishatumika kwenye amri zake. Folda zilipoingia na toleo la 2.0 mwaka 1983, ikabidi ugeuzwe. Kinachoniudhi ni kwamba Windows yenyewe huupokea ule wa kawaida. Ningeuandika huo tangu mwanzo, nisingeaibika.

Nikarekebisha, orodha ikajaa, nikalala. Asubuhi kompyuta ilipowashwa na programu kujianzisha yenyewe, tupu tena! Hapo nilikaa kimya muda mrefu. Njia niliyoandika ilihesabiwa kuanzia folda ambamo programu imeanzishwa, si pale ilipohifadhiwa. Jana niliianzisha nikiwa ndani ya folda yake. Leo ilianzia kwingine. Kushoto kwa anayetokea wapi?

Nikatumia pathlib, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.4 la 2014: Path(__file__).resolve().parent / "data" / "wateja.csv". Programu ijitafute yenyewe kwanza, ndipo ihesabu hatua. Mikwaju pathlib inajua yenyewe.

Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Wageni wote wakatokea. Bibi akavaa miwani, akatafuta jina la mgeni mmoja aliyekuwa hajalipa, akalipata.

"Haya, njoo ule," akasema, akinisogezea bakuli la urojo.

Nikakumbuka boti ya jioni. Nikala nusu.