Bawasiri ya Kaka Yangu

Habari nitakayoandika si ya kusomwa wakati wa kula, nami nawaomba radhi kabla sijaanza. Ni habari ya choo. Sisi watu wa Pemba tumezoea kuificha. Mtu akienda msalani husema anatoka nje, basi. Walakini Musa hakuona haya kuwaagiza Waisraeli jinsi ya kufukia kinyesi chao jangwani, nayo imeandikwa katika Kumbukumbu la Torati. Kwa hiyo nadhani hata gazeti letu laweza kustahimili ukurasa mmoja.

Kaka yangu alikuwa mchumaji hodari wa karafuu. Alipokuwa na umri wa miaka 58 alikuwa bado akipanda mkarafuu kama kijana. Siku moja akashuka kabla ya adhuhuri, akaketi chini ya mti, midomo imekuwa myeupe. Watu wakasema, "Safura." Wala si ajabu, maana kisiwa chetu kimejua minyoo tangu enzi za wazee wetu, na mtu akipauka neno la kwanza ni hilo. Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, akapata nafuu ya majuma machache. Nami sikuuliza zaidi.

Baadaye mkewe akaniambia kwa siri ya kuwa mumewe anaona damu chooni tangu muda mrefu. Nikamwendea. Nilizungusha maneno kwa saa nzima, tukataja bei ya karafuu, na mvua, na paa la kanisa linalovuja, hata mwisho nikamwuliza, "Kaka, hujambo mwilini?" Akajibu, "Ni bawasiri tu, mwalimu." Aliniita mwalimu kila alipotaka mazungumzo yaishe. Nikanyamaza. Mimi, ninayesimama kila mwaka mbele ya watoto nikiwafundisha habari za vyoo na minyoo na kunawa mikono! Tangu siku ile hata siku aliyokubali kwenda hospitali ilipita miezi 11, na miezi ile naihesabu kuwa deni langu.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe. Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya matumbo, urefu wake yapata mita moja na nusu. Saratani yake mara nyingi huanza kwa kinyama kidogo mfano wa chunjua, kinachoota ndani katika ukuta wa utumbo. Hakiumi. Vinyama vingi havigeuki kuwa kitu kibaya, lakini kimoja kimoja hukua polepole, na baada ya miaka 10 au zaidi kikawa saratani. Choo kikipita hukikwaruza, nacho hutoa damu kidogo kidogo, pengine isiyoonekana kwa macho, na mtu hupungukiwa na damu asijue inakokwenda. Ndiyo maana kwetu ugonjwa huu umepata maficho mazuri: damu ikionekana huitwa bawasiri, isipoonekana huitwa safura. Na kwa kuwa bawasiri na safura ziko kweli, tena ni nyingi kuliko saratani, hapana anayeshuku. Alama nyingine ni choo kubadili desturi yake kwa majuma kadhaa, ama kwa kufunga ama kwa kuhara, na kujiona hujamaliza haja ingawa umemaliza, na tumbo kusokota, na mwili kukonda bila sababu.

Zamani ilidhaniwa ya kuwa ugonjwa huu ni wa Wazungu. Daktari Denis Burkitt, Mkristo wa Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, alikuwa mpasuaji huko Uganda kwa miaka karibu 20 tangu 1946, akaona ni nadra sana kwa watu wa vijijini. Aliziandikia hospitali nyingi za misheni katika Afrika kuuliza zimeona wagonjwa wangapi. Kisha yeye na wenzake wakapima vinyesi, naam, wakavipima kwa mizani, vya wanavijiji wa Uganda na vya mabaharia wa Kiingereza, wakatangaza habari hizo mwaka 1972. Choo cha mwanakijiji kilikuwa kizito mara kadhaa kuliko cha baharia, tena chakula kilipita tumboni mwake kwa yapata siku moja na nusu, na cha baharia kilichukua zaidi ya siku tatu. Burkitt akasema sababu ni makapi ya chakula, yaani nyuzinyuzi za mboga, kunde na nafaka isiyokobolewa. Nampenda bwana huyu kwa kuwa hakuona aibu. Wataalamu waliokuja baadaye wameongeza mambo mengine: nyama nyekundu nyingi, hasa nyama iliyosindikwa viwandani, na tumbaku, na pombe, na unene. Mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na yapata 900,000 walikufa kwa ajili yake. Na Afrika nayo wanazidi. Lakini kaka yangu alikula muhogo na kunde maisha yake yote, na pombe hakuijua. Chakula chema hupunguza hatari, si hirizi.

Daktari aliyempima alivaa mpira mkononi, akaingiza kidole katika njia ya haja kubwa, na kwa muda mfupi kuliko kusema Baba Yetu akagusa uvimbe. Miezi 11, na kidole kimoja! Tukapanda meli Mkoani kwenda Unguja, na kutoka Unguja hata Dar es Salaam. Kipande kikakatwa, kikatazamwa kwa darubini, na picha zikaonyesha ya kuwa ugonjwa umekwisha kufika katika ini.

Saratani hii ikikutwa ingali ndani ya ukuta wa utumbo, mara nyingi upasuaji peke yake hutosha, na mtu hurudi shambani kwake. Ikikutwa imevuka, hutiwa dawa kali kwa mshipa, na ikiwa karibu na njia ya haja kubwa huongezwa mionzi. Kaka alipata mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyo kando ya bahari, katika hospitali ya zamani iliyojengwa na Wadachi na kufanywa taasisi kwa sheria mwaka 1996. Akapasuliwa pia, akafunguliwa njia ya choo tumboni, na mfuko ukafungwa hapo. Mwanzoni alikataa kwenda kanisani kwa ajili ya mfuko ule. Padre akamjia, akamsomea habari za yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, akamjia Bwana kwa nyuma asionekane. Kaka akasema, "Yule alikuwa na akili kuliko mimi. Alikuja."

Huko Dar es Salaam daktari aliniuliza umri wangu. Nikasema 51. Akasema ya kuwa ndugu wa damu wa mgonjwa yafaa apimwe tangu miaka 40, hata kama haumwi. Katika nchi nyingine hupimwa watu wote: Uingereza hupelekewa kwa posta kichupa cha kutilia choo kidogo, kitafutwe damu iliyofichika, nao ni wale wa miaka 50 hata 74, na Marekani huanza kwa miaka 45. Mimi nilipimwa kwa kamera. Siku moja kabla nilinywa dawa ya kusafisha tumbo, na usiku ule sina haja ya kuueleza. Asubuhi nikachomwa sindano ya usingizi, ikapitishwa mpira mwembamba wenye taa. Nilipoamka niliambiwa vimeonekana vinyama viwili, navyo vimekwisha kukatwa. Sikuhisi kitu.

Niliporudi Mkoani kaka alikuwa bandarini, amekonda, mfuko wake chini ya shati. Akapaza sauti mbele ya wachukuzi na abiria wote, "Mwalimu, matumboni mwako wameona nini?" Watu wakageuka. Nikajibu kwa sauti ileile, "Viwili, vimekatwa!" Akacheka hata akashika ubavu.

Alifariki masika yaliyofuata. Dada yetu ana miaka 46, naye asema hana ugonjwa wo wote. Ndivyo nami nilivyosema. Nimekata tikiti mbili za meli ya Jumatano.