Vidonge vya Kufunga Tumbo

Nyumbani kwetu Babati vidonge vya kufunga tumbo huwekwa juu, mbali na watoto, na majirani huniuliza sababu.

Vidonge hivyo, viitwavyo loperamaidi, huupunguza mwendo wa matumbo. Havirudishi maji yaliyotoka mwilini. Mtu mzima aharaye maji tu aweza kuvitumia siku moja mbili, asipite kipimo, maana vikizidi sana huudhuru moyo. Akiona damu chooni, au akishikwa na homa, asiviguse. Na mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe kamwe: matumbo yake yaweza kusimama kabisa, akafa.

Kiuacho zaidi ni kukaukiwa maji. Wazee wetu walimnyima mwenye kuhara maji, ili tumbo likauke; hapo sikubaliani nao. Mwaka 1971 kule Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wakimbizi wenye kipindupindu maji ya sukari na chumvi. Waliokufa wakapungua kutoka karibu 30 katika 100 hata wasiotimia 4.

Basi tafuta pakiti ya chumvi za kunywa. Ukiikosa, chukua lita 1 ya maji, ya bomba au ya Ziwa Babati, uyachemshe, yapoe, utie sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko. Chumvi usiikadirie kwa vidole, nakusihi. Anyonyaye aendelee kunyonya. Zahanati nayo itampa zinki ya siku 10 hata 14. Macho yakibonyea, au akilegea, mchukue hospitali upesi, nawe njiani umnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko.