Tulikwenda Kuutazama Mji Mkuu

Katika kijiji chetu, wilayani Kongwa, watu huenda Dodoma kwa haja. Mmoja anampeleka mgonjwa. Mwingine ana kesi. Mwingine anafuata mbegu au mabati. Kwenda kutazama tu, hakuna. Kwa hiyo majirani walicheka mimi na mume wangu tulipowaaga kuwa tunakwenda kutembea.

Lakini tulikuwa na jambo letu. Mume wangu ni fundi mwashi. Mdogo wake anajenga huko Dodoma, naye alituma salamu mara tatu: "Kaka, njoo. Huku majengo hayaishi." Baba Tumaini akataka tuhame wote. Mimi nina madarasa mawili ya kisomo, na watoto wetu watatu wako shuleni. Tulibishana miezi miwili. Mwisho nikasema, "Baba Tumaini, twende kwanza tukauone huo mji. Tunagombania kitu tusichokijua." Akakubali.

Tulipanda basi alfajiri, Jumatano moja ya mwezi wa Juni. Tulipita Chamwino, ilipo Ikulu. Mbele kidogo tukapita Mtumba, penye mji wa Serikali uliozinduliwa mwaka 2019. Ofisi za wizara zimejengwa hapo. Mume wangu alisimama ndani ya basi ili aone vizuri. Kondakta akamwambia akae.

Ndugu msomaji, uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa zamani. Chama cha TANU kiliamua hivyo mwaka 1973. Marehemu baba mkwe alikuwa kijana wakati ule. Alipozeeka alikuwa akisema, "Serikali iko njiani, inakuja kwa miguu." Uhamisho wenyewe ulishika kasi mwaka 2016, miaka 43 baadaye. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Mzee hakuyaona hayo.

Kwanza tulikwenda Bungeni. Mwananchi yeyote anaweza kuingia kusikiliza, akivaa nguo za heshima na kuonyesha kitambulisho. Askari walitukagua mlangoni, kisha wakatuelekeza juu, mahali pa wageni. Ukumbi huo ulianza kutumika mwaka 2006. Ni mkubwa na una baridi. Mume wangu alitazama dari kwa muda mrefu, akitafuta nguzo zinazoibeba.

Saa tatu asubuhi maswali yakaanza. Mbunge mmoja aliuliza juu ya zahanati ambayo wananchi wake waliijenga mpaka lenta, kisha ikaachwa. Alisoma swali lake kwenye karatasi. Waziri naye akasoma jibu. Mbunge hakuridhika, akauliza swali la nyongeza, na safari hii hakusoma. Mume wangu akaninong'oneza, "Kumbe jengo linaweza kuzungumzwa hapa mpaka waziri akasimama." Mimi nilikuwa nikiandika katika daftari, maana wanakisomo wangu walinituma. Walitaka kujua kama Bungeni watu husinzia kweli. Niliona mmoja tu.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye uwanja wa Nyerere, katikati ya mji. Ipo sanamu ya Mwalimu, na wapiga picha wengi. Tumeoana miaka kumi na mbili, lakini hatukuwa na picha ya wawili. Tukapiga moja. Baba Tumaini alikaza uso kama mtu anayedaiwa.

Tukapanda bajaji mpaka stesheni mpya ya reli. Treni za umeme kutoka Dar es Salaam zilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Paa la stesheni limeumbwa kama vilima vya mawe vya Dodoma. Mume wangu alizunguka akipapasa kuta, akasema, "Kazi hii siijui. Lakini naweza kujifunza." Maneno hayo yaliniingia. Mimi nilikuwa nikidhani anafuata fedha tu.

Tulikula wali na maharage. Fedha tuliyolipa ingetununulia unga wa siku mbili.

Jioni tulishuka Mtumba kumwona shemeji. Alifurahi sana. Akatupeleka anapoishi, chumba kimoja cha vijana wanne, magodoro yamesimamishwa ukutani. Mume wangu alimwuliza juu ya kazi, naye hakuficha. Siku ya kumwaga zege kuna ujira. Saruji ikichelewa, watu hukaa, na kodi ya chumba haikai. Wenye cheti cha ufundi huitwa kwanza. Kaka yake hana cheti, ingawa amejenga nusu ya nyumba za kijijini kwetu.

Ndani ya basi tulikaa kimya mpaka tukapita Chamwino. Kisha akaniuliza, "Mama Tumaini, cheti cha uashi mtu mzima anaweza kukipata?" Nikamweleza. Chuo cha ufundi stadi, VETA, huwapima mafundi waliojifunzia kazini, nao wakifaulu hupewa cheti. Nilikuwa nimemwambia habari hiyo mwaka juzi, lakini siku ile alikuwa akisikiliza.

Tukapatana basi. Watoto na mimi tutabaki. Yeye atakwenda wakati wa kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, naye atarudi kabla ya mvua ili tulime. Mwezi wa Agosti aliondoka na mwiko, timazi na pimamaji. Daftari alichukua langu, lile la Bungeni, kwa sababu lilikuwa na kurasa nyingi zilizobaki.