Mzizi, Jina na Kipimo

Sisi wa kitivo cha lugha hatualikwi maabara mara nyingi. Mimi nilialikwa kwa sababu ya Kilokele, lugha ya mama yangu. Rafiki yangu wa kemia alikuwa akichunguza mizizi ya waganga wa Isangi, pale Lomami inapoingia Mto Kongo, naye alihitaji mkalimani.

Mganga, mama mtu mzima, alituonyesha mti mdogo ambao wanasayansi huuita Rauvolfia vomitoria. Mzizi wake huleta usingizi, hutuliza wenye wazimu na hushusha presha. Mama yangu mdogo huunywa pamoja na vidonge vya zahanati. Kwa hiyo swali la rafiki yangu lilikuwa langu pia: ndani ya mzizi mna nini, na kiasi gani?

Sehemu ya jibu inajulikana. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, walitangaza reserpini, waliyoitoa katika ndugu wa mti huu anayeota India. Baadaye ikapatikana katika mti wetu pia, na maganda ya mizizi yake yakauzwa kutoka Kongo hadi Ulaya. Reserpini hushusha shinikizo la damu. Ikizidi, moyo hupiga polepole na mtu huweza kuzimia.

Tuliukausha mzizi kivulini, tukausaga, tukauloweka katika alkoholi, tukachuja, kisha tukadondosha kitendanishi cha Dragendorff. Mashapo ya rangi ya chungwa yakatua chini: alkaloidi zimo. Rafiki yangu alitabasamu. Mimi nilimfikiria mama mdogo. Rangi ile husema kitu kimo, lakini haisemi ni alkaloidi ipi wala ni kiasi gani. Mganga hupima kwa urefu wa kidole, na mizizi miwili ya urefu mmoja huweza kutofautiana kwa nguvu.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya lugha. Katika daftari letu jina la mti lilikuwa limeandikwa bila toni. Kilokele hakisamehe jambo hilo: neno lisaka, kwa kubadili toni tu, ni dimbwi, ni ahadi, au ni sumu. Ndiyo maana ngoma za Walokele, alizozieleza John Carrington katika kitabu chake cha mwaka 1949, huweza kusema: hupiga toni za maneno. Atakayesoma daftari lisilo na toni anaweza kuomba mzizi mwingine kabisa. Niliandika jina upya pamoja na toni zake, tukakausha na tawi lenye majani na maua, kwa desturi ya watu wa mimea wa Yangambi, ili jina lisitembee peke yake.

Wakati tunachimba, mganga alikuwa ameniuliza: “Mwanangu, mtarudi kuniambia, au mtaniachia shimo tu?”

Tulirudi. Kilokele changu hakina neno la alkaloidi, na neno dawa katika Kiswahili humponya mtu na pia huua panya. Nikasema hivi: “Mama, kitu chenye nguvu kimo. Anayemeza vidonge vya presha asipewe mzizi huu.” Mama mdogo alikuwa amekaa kando yake, akisikia.

Mganga akanyoosha kidole. “Na asiyemeza vidonge? Nikate wapi?”

Kipimo hicho ndicho tunachokitafuta sasa.