Mchezo wa Mtu Mmoja

Mwalimu wa Kiswahili hapa Buluk, mjini Juba, akimaliza vipindi vyake huwa hana wa kuzungumza naye. Wanafunzi wakitoka darasani hurudia Kiarabu chao cha Juba, na majirani hali kadhalika. Kiswahili changu nilikipata utotoni katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 kaskazini mwa Kenya, na hofu yangu ni kwamba lugha isiyosemwa hushika kutu. Ndiyo sababu mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, nimejifunza kucheza peke yangu.

Mchezo wenyewe sikuubuni mimi. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambamo watu huketi mezani, kila mmoja akajitwalia mhusika, na mwenzao mmoja akawa msimulizi. Mwaka uliofuata Gygax alichapisha majedwali ya kumwezesha mtu asiye na wenziwe kucheza: hutupa dadu, na jedwali likamwambia kama mbele yake pana mlango au njia panda. Majedwali ya namna hiyo yameenea tangu hapo. Mengine hutoa maneno matupu tu, mchezaji ajitafutie maana.

Mimi nina dadu moja iliyosalia katika mchezo wa ludo wa watoto, na karatasi yenye maneno 36, safu sita za maneno sita sita. Natupa mara mbili kupata neno la kwanza, mara mbili tena kupata la pili, kisha naandika kisa cha kuyaunganisha. Nikikwama, nauliza swali: moja hadi tatu ni hapana, nne hadi sita ni ndiyo. Sharti ni moja, situpi tena kwa kuwa jibu limenichukiza.

Mwenzangu mmoja aliiona karatasi hiyo akanishutumu kwamba napiga ramli. Sikumlaumu, maana ramli nayo ina maumbo yake 16, yatokanayo na nukta zinazochorwa pasipo kuhesabiwa. Ila mpiga ramli hutafuta yaliyofichika. Mimi nilidhani sitafuti kitu zaidi ya msamiati.

Nilidhani hivyo hadi usiku mmoja dadu iliponipa "mlango" na "jirani". Mapigano yalipozuka Juba mwezi Julai 2016, nilikuwa papa hapa Buluk, nimelala sakafuni, taa nimezima. Mtu akabisha. Alibisha mara tatu, taratibu, kama asiyetaka kusikiwa na wengine. Sikufungua. Kulipokucha hapakuwa na mtu wala alama yoyote, na hadi leo sijui alikuwa nani.

Nilitamani kutupa upya. Lakini sharti ni sharti. Nikampa mhusika wangu nyumba isiyo yangu katika mji usio wangu, nikauliza: Je, anafungua? Dadu ikaonyesha tano. Basi mlango ukafunguliwa, na hapo nikashindwa kabisa kumwandika aliyeingia.

Juma lililofuata niliyaandika maneno hayo mawili ubaoni, bila kueleza lolote, nikawapa wanafunzi dakika ishirini. Wengi waliandika habari za mbuzi wa jirani (sijui kwa nini watoto wetu hupenda mno mbuzi katika insha). Msichana mmoja aliandika sentensi tano, ngeli amekosea mara mbili. Mtu anapiga hodi. Anafunguliwa. Anaomba maji, anakunywa. Anauliza kama ipo nafasi ya kulala. Hapo kengele ikalia, naye akaleta daftari lake.

Nilisahihisha ngeli, nikampa alama zake. Usiku niliitandaza karatasi yangu, nikaliandika swali lile lile kwa herufi kubwa: Je, nafasi ipo? Dadu ninayo mkononi. Sijaitupa bado.