Joanna wa Kitabu na Margery wa Kweli

Katika kabati la shule yetu kuna kitabu kimoja ambacho hakikai humo siku mbili: The Black Arrow, yaani Mshale Mweusi, cha Robert Louis Stevenson, kilichotolewa mwaka 1888. Habari zake ni za Uingereza, wakati koo mbili za kifalme, Lancaster na York, zilipogombea kiti cha enzi, tangu 1455 hata 1487. Wavulana hupenda mishale na misitu. Wasichana humpenda Joanna Sedley, yatima mwenye mali, aliyeibwa na bwana mwenye tamaa apate kumwoza kwa faida yake. Joanna avaa nguo za kiume, apita msituni kati ya wanyang'anyi, na kijana anayesafiri naye hamtambui.

Mwandishi hakuota jambo hilo. Katika nchi ile, binti aliyerithi ardhi alitiwa chini ya mlezi, na haki ya kumwoza iliweza kuuzwa kama shamba.

Lakini juu ya Joanna nina neno. Siku ya kuozwa kwa nguvu, mshale ndio unaomwokoa: bwana arusi anapigwa kanisani, anakufa. Je, mpiga upinde angalikosa shabaha?

Ndiyo sababu huwasimulia wanafunzi habari za Margery Paston wa Norfolk, ambaye hakutungwa na mtu. Huyu alipeana neno la ndoa kwa siri na Richard Calle, msimamizi wa mali ya nyumbani kwao. Jamaa walighadhibika, kaka mmoja aliandika kwamba hatakubali kamwe dada yake auze mishumaa na haradali. Septemba 1469, Duke wa Norfolk akiwa ameizingira ngome yao ya Caister, na kaka huyo huyo yumo ndani, Askofu wa Norwich alimwita Margery. Alimkumbusha ukoo wake, na hasara ya kuachwa na ndugu. Kisha akamwuliza ni maneno gani hasa aliyomwambia Calle. Maana kwa sheria ya Kanisa ya siku zile, mapatano ya wawili wenyewe yaliweza kufunga ndoa hata pasipo shahidi. (Mtaguso wa Trento ulidai padri na mashahidi mwaka 1563.) Margery akayarudia. Akaongeza kwamba, kama hayatoshi, atayakaza zaidi kabla hajatoka pale. Calle naye akaulizwa peke yake, maneno yakalingana.

Aliporudi, mama yake alikuwa amekataza asipokewe nyumbani. Askofu, ambaye mwenyewe hakufurahia ndoa hiyo, akamtafutia mahali pa kulala.

Mama huyo, Margaret, alikuwa shujaa naye. Mwaka 1448, adui walipotisha nyumba, alimwandikia mumewe alete pinde na mishale, na katika barua ile ile lozi na sukari. Kwa barua hiyo nampenda; kwa mlango ule siwezi.

Margery na Calle walioana, wakazaa wana watatu. Katika wasia wake wa 1482, Margaret alimwachia yule wa kwanza pauni 20.